Ushahidi Ukilingana, Nani Anashika Mizani?

Askari mstaafu wa Marekani aliyenyimwa fidia ya ulemavu huamini kwamba shauri lake litaamuliwa mahakamani. Ukizisoma hukumu zenyewe unaona sivyo. Mara nyingi shauri huwa limekwisha kuamuliwa ndani ya jalada, katika aya mbili tatu zilizoandikwa na daktari aliyemwona mara moja. Mahakama huja baadaye kutazama kama aya hizo zilipimwa ipasavyo.

Sheria inamtaka mdai athibitishe mambo matatu: kwamba ana ugonjwa au ulemavu sasa, kwamba kuna tukio, jeraha au maradhi yaliyompata akiwa jeshini, na kwamba la kwanza limetokana na la pili. Mawili ya mwanzo kwa kawaida hayana ubishi mkubwa. Vita viko kwenye la tatu.

Tuchukue mfano wa dereva wa lori la kijeshi anayedai kwamba mgongo wake uliharibika kazini miaka ishirini iliyopita. Hakwenda zahanati ya kambi, kwa sababu askari kijana anayelalamika huonekana mvivu. Idara ya Masuala ya Askari Wastaafu inampeleka kwa daktari, naye anaandika kwamba kumbukumbu za jeshi hazionyeshi matibabu yoyote ya mgongo, kwa hiyo maumivu hayakutokana na utumishi. Dai linakataliwa.

Jibu hilo lina kasoro ya kisheria. Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilisema mwaka 2006 kwamba maelezo ya askari mwenyewe hayawezi kutupwa kwa sababu tu hakuna karatasi ya hospitali ya wakati ule. Mwaka uliofuata mahakama inayoshughulikia rufaa za askari wastaafu ilikataa maoni ya daktari aliyetegemea ukimya wa kumbukumbu na kuyapuuza maelezo ya mgonjwa. Na karatasi hupotea kwa sababu zisizo za askari: Julai 12, 1973, moto katika ghala la kumbukumbu huko St. Louis uliteketeza majalada ya utumishi kati ya milioni 16 na milioni 18, mengi ya watu waliopigana Vita vya Pili vya Dunia na vya Korea. Askari ambaye jalada lake limepotea mikononi mwa serikali, serikali inawajibika kumweleza kwa uangalifu zaidi kwa nini imemkatalia.

Baada ya kukataliwa, dereva wetu ana mwaka mmoja wa kuchagua njia. Tangu Februari 2019, sheria mpya ilipoanza kutumika, njia ni tatu. Anaweza kuwasilisha dai la nyongeza lenye ushahidi mpya unaohusika. Anaweza kuomba ofisa wa ngazi ya juu alipitie jalada lilelile bila kuongeza kitu. Au anaweza kwenda moja kwa moja kwenye Bodi ya Rufaa ya idara hiyo. Akihama njia moja hadi nyingine bila kupitisha mwaka mmoja tangu kila uamuzi, analinda tarehe ya kuanza kulipwa, na tarehe hiyo inaweza kumaanisha malimbikizo ya miaka kadhaa.

Kwenye Bodi, jaji analitazama shauri upya bila kufungwa na uamuzi wa chini. Hapo pia hutumika kanuni ninayoiona kuwa ya utu kuliko zote katika sheria hii: ushahidi wa pande mbili ukikaribia kulingana, mdai ndiye anayeshinda. Katika kesi ya kawaida ya madai, mlalamikaji asipouzidi ushahidi wa mwenzake anashindwa. Askari hatakiwi kuuzidi. Daktari akisema uwezekano ni nusu kwa nusu, inatosha.

Lakini nani anasema kwamba ushahidi umelingana? Bodi. Kabla ya 1988 neno lake lilikuwa la mwisho kabisa. Hapakuwa na mahakama ya kuikagua, na sheria iliyobaki tangu enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe ilizuia wakili kulipwa zaidi ya dola 10. Mwaka huo Bunge liliunda mahakama maalumu ya rufaa hizi, na mdai ana siku 120 za kuifikia. Mahakama hiyo haisikilizi mashahidi. Inasoma jalada, na matokeo ya ukweli yaliyofikiwa na Bodi haiyagusi isipokuwa kosa liwe la wazi. Mwaka 2002 Bunge liliongeza agizo kwamba mahakama izingatie jinsi kanuni ya kulingana kwa ushahidi ilivyotumika. Je, agizo hilo liliipa mahakama ruhusa ya kupima ushahidi yenyewe?

Mahakama ya Juu ya Marekani ilijibu Machi 5, 2025, katika kesi ya Bufkin dhidi ya Collins. Majaji saba, kwa kalamu ya Clarence Thomas, walisema hapana: kama ushahidi umelingana au la ni suala la ukweli zaidi kuliko la sheria, kwa hiyo Bodi inaheshimiwa mpaka kosa liwe la wazi. Ketanji Brown Jackson, akiungwa mkono na Neil Gorsuch, alipinga. Naona wawili hao ndio waliokuwa na hoja nzito. Bunge halitungi kifungu ili kiache kila kitu kama kilivyokuwa.

Kinga iliyobaki ni wajibu wa Bodi kuandika sababu zake. Ikiupita ushahidi mzuri kimya, au ikikubali maoni ya daktari yasiyo na hoja ndani yake, mahakama hulirudisha shauri. Ndiyo maana wakili mzoefu hapotezi muda kudai kwamba mizani imeelemea upande wa mteja wake. Anaonyesha ni kitu gani hakikuwekwa kwenye mizani. Hata hivyo shauri kurudishwa si kushinda. Ni uchunguzi mwingine, foleni nyingine, na mzee anayezidi kuzeeka.

Kwa hiyo, wewe uliyelitumikia jeshi hilo, au mzazi mwenye kijana aliyelitumikia, usiitegemee mahakama. Omba nakala ya jalada lote na usome daktari aliandika nini. Aliyefanya kazi nawe aandike alichokiona kwa macho yake. Daktari wako aeleze kwa nini, asiishie kusema ndiyo. Mashirika ya askari wastaafu yana wawakilishi walioidhinishwa wanaosaidia bila malipo. Nenda kwao kabla mwaka haujakwisha tangu tarehe iliyo kwenye barua ya kukataliwa.