Asili ya Mwanamuziki na Jina la Bendi

Katika maandishi yanayowahusu wanamuziki wa dansi wa Afrika ya Mashariki, jambo la kwanza aelezwalo msomaji ni mahali alipozaliwa mwimbaji, na la pili ni jina la bendi yake. Mambo hayo mawili huwekwa bega kwa bega kana kwamba moja limezaa jingine. Lakini mtu akiyatazama akiwa Nyarero, katika wilaya ya Tarime, ataona kuwa hayafungamani kwa wepesi hivyo.

Nyarero ni nchi ya Wakuria, na ala yao kubwa ni litungu, wenyewe wakiita iritungu. Ina mzinga uliowambwa ngozi, mikono miwili na mti uliokingama juu, na kwa kawaida nyuzi nane. Sauti yake ni nzito, yenye kuvuma. Mpigaji huketi akapiga na kuimba mwenyewe. Hana bendi wala mwajiri, na asili yake haiulizwi, kwa kuwa wanaomsikiliza wamjua baba yake na ukoo wake. Kinachomtatiza ni mstari ulioafikiwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, uliowaacha Wakuria wengine kusini na wengine kaskazini. Mtu huyo akipiga Sirari, yuko Tanzania. Akivuka hatua chache hadi Isibania, yuko Kenya, wala hajakaza hata uzi mmoja.

Ama bendi za dansi zilijiita kwa miji na majimbo: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, na huko Musoma, Mara Jazz. Yafaa ikumbukwe kuwa majina hayo yalitaja mahali vyombo vilipowekwa, si mahali wapigaji walipozaliwa. Magitaa, saksafoni na vipaza sauti vilikuwa mali ya klabu, ya tajiri au ya chama. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mpigaji aliyetoka alitoka na koo lake na vidole vyake tu. Ndiyo sababu Mbaraka Mwinshehe, aliyeipa Morogoro Jazz sehemu kubwa ya sifa zake, alipoiacha mwaka 1973 aliunda Super Volcano, jina lisilo la mji wowote. Na Salum Abdallah, mwana wa Morogoro khasa, aliyefariki mwaka 1965, bendi yake aliiita Cuban Marimba, kwa kisiwa kilicho ng'ambo ya bahari. Mwenye kutafuta asili kwa jina la bendi basi atampeleka Salum Abdallah Kuba!

Mfano ulio mzito zaidi ni wa ndugu wawili, Wilson Kinyonga na George Peter Kinyonga, watu wa Tanga. Walianza katika Jamhuri Jazz ya huko kwao. Mwaka 1970 walikuwa Arusha, katika Arusha Jazz. Mwaka 1971 walivuka hadi Kenya, wakajiita Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao, akiwamo mpiga gitaa Omar Shabani, walijitenga wakaunda Les Wanyika, ambayo wimbo wake “Sina Makosa” ulienea Afrika ya Mashariki nzima. Bendi hizi ni za nani? Wakenya husema ni zao, kwa kuwa Nairobi ndiko zilikokua na ndiko santuri zilikotengenezwa. Watanzania husema ni zao kwa kuzaliwa. Mabishano haya yamerudiwa mno, na pande zote mbili zimesahau maneno ya nyimbo zenyewe. Kiswahili cha “Sina Makosa” ni cha mtu aliyelelewa nacho: sentensi fupi, shutuma inayojibiwa bila matusi, na jambo la aibu linalosemwa kwa adabu. Hapo ndipo asili yao inaposikika, kuliko katika gitaa, ambalo limejifunza mengi kutoka Kongo. Wahakiki wengi husifu gitaa wakayapita maneno, na hilo ni kosa.

Kanada ilikutana na swali lili hili, ikalijibu kwa sheria. Waimbaji wake walikuwa wakihamia Marekani. Neil Young, aliyezaliwa Toronto mwaka 1945, alikwenda California mwaka 1966. Kundi la The Band lilikuwa na watu watano, wanne wa Ontario na mmoja, Levon Helm, wa Arkansas. Lakini nyimbo zake kadha juu ya kusini ya Marekani zilitungwa na Robbie Robertson wa Toronto. Basi mwaka 1971 redio za huko ziliamriwa asilimia 30 ya muziki wao uwe wa Kanada, na wimbo ukapimwa kwa mambo manne: mtungaji wa sauti, mwimbaji, mahali uliporekodiwa, na mtungaji wa maneno. Ukipata mawili, ni wa Kanada.

Kipimo hiki kina faida moja: hakiulizi jina la bendi. Kwa kipimo hicho wimbo waliotunga na kuimba ndugu hao wa Tanga mjini Nairobi ungeweza kudaiwa na Tanzania na Kenya pia. Nacho kingeweza kumpokea Remmy Ongala, aliyezaliwa Kongo mwaka 1947 na kuja Dar es Salaam mwaka 1978 katika Orchestra Makassy, kabla ya kung'aa na Super Matimila. Maana kinatazama uraia na makazi, si mahali pa kuzaliwa, na shida za maskini wa Dar es Salaam alizieleza kwa Kiswahili kuliko wenyeji wengi.

Naye mpigaji wa litungu wa Nyarero hupata yote manne. Ila akialikwa harusini Isibania, wimbo wake ukarekodiwa huko mbele ya shangazi zake, apunguziwe moja kwa ajili hiyo?