Nyoka Ukutani: Michoro ya Bayeye wa Usukuma

Zikitajwa picha za wanyama wa Tanzania, aghalabu msomaji humkumbuka Edward Saidi Tingatinga (1932–1972) na wafuasi wake: twiga, tembo na chui waliochorwa kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya ubao mwembamba. Ni kazi ya kupendeza, nayo imewalisha wengi. Lakini sisi wa Misungwi, pamoja na ndugu zetu wa Usukuma wote, tunayo picha nyingine ya mnyama, ambayo haikuchorwa ili iuzwe.

Nayo ni michoro ya Bayeye, chama cha wacheza nyoka. Ndani ya nyumba ya chama, kuta za udongo zilipambwa kwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Humo mlikuwa na nyoka, watu na wahenga, na mwanachama mpya aliingizwa akafundishwa mbele yao. Mwaka 1953 Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeitumikia serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu juu ya michoro hiyo mjini London. Twapaswa kumshukuru, maana ukuta wa udongo haudumu. Nyumba ikianguka, darasa zima limeanguka.

Atakayeitazama michoro hiyo kwa haraka atasema haina ufundi: mtu ni kama kijiti, na nyoka hana magamba. Hukumu hiyo naikataa. Aliyeingia katika nyumba ile alikwisha kumwona chatu wa kichakani, pengine alikwisha kumshika. Hakuhitaji kuonyeshwa magamba. Alihitaji jina, hadithi, dawa na mwiko, na hayo yote yalibebwa na mstari mmoja uliopinda. Mjuzi wa sumu ya swila na ya moma ndiye aliyekimbiliwa na mtu aliyeumwa. Heshima ya Bayeye kwa nyoka ilifanana na ya mtu kwa jirani mkali mwenye nguvu: humtukani, humchokozi, wala hulali mlango wazi. Na nyuma ya jirani huyo walisimama masamva, mizimu ya wahenga, waliotazamia adabu hiyo.

Ngoma ya chatu ingali hai. Huko Bujora, Kisesa, alikoanzisha makumbusho Padre David Clement, huchezwa katika sikukuu ya Bulabo mwezi Juni, na watu hushangilia ujasiri wa mchezaji. Haki yao. Ila uwanjani huonekana mkono tu. Yale yaliyoufundisha mkono huo yalikuwa ukutani.

Mwanafunzi wetu akiambiwa achore mnyama, mara nyingi huchora twiga wa kadi ya posta. Mwalimu na amwombe nyoka wa mawe ya kwao. Kabla ya kumpa kalamu, amwulize: nyoka huyo huitwaje kwa Kisukuma, hukaa wapi wakati wa masika, na ni mzee gani kijijini ajuaye habari zake?