Kivuli Mlangoni: Uhakiki wa Mchoro wa Roger Shimomura

Wahakiki wengi tumezoea kutenganisha fani na maudhui kama anayepepeta mchele. Mchoro wa Roger Shimomura, "Shajara: Desemba 12, 1941", wa mwaka 1980, unakataa upepetaji huo.

Hebu tuutazame. Mwanamke aliyevaa kimono yumo chumbani. Kwenye mlango wa karatasi kuna kivuli cha Superman. Basi. Rangi ni bapa na mistari imekolea kama ya ukiyo-e, picha za Kijapani zilizochapwa kwa mbao. Kivuli kimetoka kwenye katuni za Kimarekani.

Mwanamke huyo ni Toku, bibi yake mchoraji, aliyehamia Marekani mwaka 1912. Siku ile, siku 5 baada ya Pearl Harbor kushambuliwa, aliandika kwamba wameruhusiwa kutoa dola 100 benki, akausifu ukarimu wa Marekani. Kwa fedha zao wenyewe, jamani! Februari 19, 1942 Rais Roosevelt alitia saini Amri Na. 9066. Watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia, wakafungiwa kambini. Shimomura, aliyezaliwa mwaka 1939, alipelekwa na jamaa zake Minidoka, Idaho.

Wapo watakaosema eti katuni inaufanyia mzaha uchungu wa bibi. Mimi sikubali. Superman ni mtetezi wa wanyonge, lakini kivuli hakisemi kama amekuja kumtetea bibi au kumchunga. Bibi anaona ukarimu. Sisi tunaoyajua ya 1942 tunaona askari wa kambi. Kejeli inaiangukia nchi, bibi imemwacha na heshima yake. Tena, jadi ya Kijapani hapa si pambo: ndiyo nyumba yenyewe. Marekani ndiyo mgeni, imesimama nje bila kupiga hodi.

Udhaifu upo. Asiyeijua shajara hataziona zile dola 100, na bila hizo kejeli inapungua makali. Hapo msanii anatudai mno.

Hata hivyo, Marekani iliomba radhi na kuidhinisha fidia ya dola 20,000 kwa kila mfungwa aliyekuwa hai mwaka 1988, miaka 8 baada ya mchoro huu. Daftari la bibi lilikuwa limeshatunza hesabu. Sisi wanafasihi tunaosema shajara si fasihi, tujiulize upya.