Nguzo za Lewistown na Sauti za Wafu

Ada hutaka marehemu atajwe kwa mema yake. Mshairi Edgar Lee Masters aliivunja ada hiyo, na mji uliomlea haukumsamehe upesi.

Mji wenyewe ni Lewistown, makao makuu ya Kaunti ya Fulton, katika nchi ya mashamba jimboni Illinois, Marekani. Makaburini mwake, Oak Hill, zimesimama nguzo zisizobeba paa. Zilikuwa nguzo za mahakama ya zamani, pale Abraham Lincoln alipohutubia Agosti 1858. Mahakama iliteketea mwaka 1894. Nguzo zikahamishiwa makaburini, zikawa kumbukumbu ya askari.

Mwaka 1915 Masters alitoa diwani yake, *Spoon River Anthology*. Ndani yake wafu zaidi ya 200 wa mji wa kubuni wanasimulia maisha yao: hakimu, mlevi, mke aliyedhulumiwa, mwenye benki. Mfano wake ni mkusanyo wa kale wa tungo fupi za Kiyunani. Tungo za Masters hazina vina wala mizani. Wapo watakaoziita guni. Lakini uchi huo una maana yake, kwani aliyelala kaburini hana tena wa kumpendeza. Ila ya diwani iko kwingine: sauti ni nyingi, ulimi ni mmoja. Mara nyingi hakimu na mlevi husema kwa lafudhi ya mshairi.

Hata hivyo, lisomwe shairi la Silas Dement. Huyu ndiye aliyeitia moto mahakama. Akafungwa, na aliporudi akakuta mahakama mpya yenye kuba. Kwa mistari michache msomaji anaupata ugomvi mzima wa ukale na upya, jambo ambalo nguzo zenyewe haziwezi kulisema.

Watu wa Lewistown waliwatambua jamaa zao katika tungo hizo, wakakasirika. Kwa miongo mingi kitabu hakikukaribishwa mjini. Na hasira yao ilikuwa na haki yake, maana marehemu aliyesingiziwa hawezi kujibu. Lakini mwaka 1995 makaburi ya Oak Hill yaliingizwa katika rejista ya taifa ya mahali pa kihistoria, ingawa kwa kawaida rejista hiyo haipokei makaburi. Ni shairi lililoyapa sifa hiyo, lile lile lililoutahayarisha mji.

Hapo ndipo penye hatari. Mji ukishaanza kujivunia aibu yake, aibu hugeuka pambo: mgeni huja, hutazama jiwe, hupiga picha, huondoka. Rejista huhifadhi jiwe, haihifadhi lawama. Lawama hiyo huhifadhiwa na msomaji peke yake, kila anapoifungua diwani na kukubali kukemewa na wafu wasio wake.