Kamera Iliyokaa Mkekani

Kuna neno ambalo wakazi wa Mwanza walikuwa nalo siku zote, lakini Watanzania wengine wengi walilizoea kwa sababu ya filamu: mapanki. Sangara akishatolewa minofu kiwandani ili isafirishwe Ulaya, kinachobaki, kichwa na mgongo wa miiba hadi mkiani, ndilo panki. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtengenezaji filamu kutoka Austria, alitoa Darwin's Nightmare, aliyoipiga kandokando ya Ziwa Victoria, na mapanki yakaonekana duniani yakianikwa juani huku ndege za mizigo zikiondoka na minofu. Filamu ilizoa tuzo Ulaya, na mwaka 2006 ikawania Oscar. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete akailaumu hadharani kwamba imelichafua jina la nchi. Ubishi ukahamia vijiweni: mapanki ni kitoweo cha watu au chakula cha mifugo? Si wote waliobishana walikuwa wameiona.

Kwa kizazi kizima, "filamu ya mapanki" ndiyo ikawa tafsiri ya neno dokumentari. Mgeni anakuja na kamera, anaokota aibu yako, anaondoka nayo.

Miaka 16 baadaye upepo ukavuma upande mwingine. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini New York filamu ya Royal Tour, ambamo yeye mwenyewe anamtembeza mtangazaji Mmarekani Peter Greenberg katika vivutio vya Tanzania. Safari hii nchi ilipigwa picha ikiwa na nguo ya sikukuu. Hakuna dhambi hapo. Mwenye duka ana haki ya kupanga bidhaa nzuri mbele. Lakini ukizitazama hizi mbili usiku mmoja, unagundua undugu ambao mashabiki wa kila upande wangeukana. Zote zinakuacha na hisia kwamba jibu lilikuwepo kabla kamera haijawashwa.

Ugonjwa huo ni wa zamani. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu zipatazo 35 za kuwafundisha Waafrika mambo ya kilimo, afya, hata kuweka akiba posta. Lori lilizunguka na mashine ya kuonyeshea, watu wakaketi chini gizani, na maneno yakatoka kwenye sahani za santuri. Walioigiza walikuwa wenyeji, ila sauti iliyoeleza walichokuwa wakifanya haikuwa yao. Sauti hiyo haikuondoka na mkoloni. Ilibaki kwenye vipindi vya maendeleo, kwenye video za mashirika, kwenye matangazo ya kampeni za afya: mama anachota maji, na mtu asiyeonekana anatueleza mama huyo anahisi nini.

Ndiyo maana inafurahisha kutazama kilichofanyika katika miaka kama 10 hivi iliyopita, kuanzia Kilifi hadi Kisangani. Wametokea watengenezaji wanaoingia nyumba za watu bila jibu mkononi, kisha wanakaa. Sehemu kubwa ya ufundi wao ni huko kukaa. Siku ya kwanza mwenyeji huvaa nguo ya kutokea, huketi wima na kuzungumza kama yuko redioni. Wiki ya tatu anajikuna mguu. Baada ya miezi anasahau kwamba kile kidude cheusi kwenye kona ya mkeka kina jicho, na anamjibu mkewe kwa ukali uleule anaomjibu nao siku zote. Hapo ndipo mpiga picha huanza kazi. Yote ya nyuma yalikuwa hodi tu.

Chukua The Letter, filamu ya Maia Lekow na Christopher King iliyotoka mwaka 2019 na baadaye kuiwakilisha Kenya katika mchujo wa Oscar. Iko Kilifi, mahali ambapo mvi zina hatari yake: wazee wanashutumiwa uchawi, utsai kama wasemavyo wenyeji, na wapo waliouawa. Mjukuu aliyehamia mjini anasoma kwenye Facebook kwamba bibi yake ametajwa, kisha kuna barua ya vitisho isiyo na jina la mwandishi. Anarudi nyumbani kuuliza.

Taarifa ya habari ingeanza na maiti, ikafuata takwimu, ikamalizia kwa kamanda wa polisi. Filamu hii inamtazama bibi. Ana miaka tisini na ushee, na bado analima. Jembe linapanda na kushuka kwa mwendo wa mtu ambaye ameifanya kazi hiyo tangu kabla ya uhuru, na kamera haina haraka ya kuondoka shambani. Mtazamaji anapoteza subira kidogo, kisha anaipata tena, na bila kuambiwa anaanza kumjua mtu huyu kwa mabega yake. Neno "mchawi" linapokuja kutamkwa, linamwangukia bibi tunayemfahamu.

Jambo la pili walilofanya Lekow na King ni gumu zaidi. Hawakuwafukuza washutumu kwenye picha. Shutuma zinatoka ndani ya ukoo wenyewe, kwa watu wanaoimba na kusali chini ya miti ileile, na nao wanapewa nafasi ya kusema mpaka wamalize. Ukimwacha mtu aseme mpaka amalize, mara nyingi husema na lile ambalo hakukusudia. Polepole ardhi inachomoza nyuma ya uchawi: nani atarithi nini, nani aliuza, nani ana haraka. Hakuna msimulizi anayetunong'oneza kwamba tatizo ni shamba. Tunalisikia kama jirani anavyosikia mambo ya nyumba ya pili, vipande vipande, ukutani.

Kisangani, nchini Kongo, ni mbali na Kilifi, ila Kiswahili kinafika, kikipigana vikumbo na Kilingala. Mtengenezaji filamu Dieudo Hamadi alizaliwa huko. Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda, yote mawili yakiwa wageni, yalipigana kwa siku sita katikati ya mji huo, na mamia ya watu wakafa. Wengine walibaki bila mikono au miguu. Katika Maman Colonelle ya mwaka 2017 Hamadi alimfuata Honorine Munyole, afisa wa polisi aliyehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani kushughulikia kesi za wanawake na watoto, na njiani akakutana na wanawake waliobeba jeraha la siku zile sita. Ni wazi jeraha hilo halikumpa Hamadi usingizi. Miaka mitatu baadaye akatoa En route pour le milliard: kundi la manusura linapanda boti na kuteremka Mto Kongo hadi Kinshasa, safari ya takriban kilomita 1,700, kudai fidia ambayo wameahidiwa na hawajaiona.

Kwenye boti mvua inanyesha. Si mvua ya mapambo. Ni ile ya kwenye mto mkubwa, usiku, upepo ukilipiga turubai ambalo ndilo paa pekee, na abiria wameng'ang'ania kingo zake lisiruke. Miongoni mwao wamo wanaotembelea miguu ya bandia. Hamadi, anayeshika kamera mwenyewe, yumo humohumo chini ya turubai. Hatuoni mvua ikiwanyeshea wao; tunaoneshwa mvua kutoka ndani yake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya aliyefika kupiga picha na aliyelipa nauli. Filamu hiyo ilikuwa ya kwanza kutoka Kongo kuingia orodha rasmi ya Cannes, mwaka 2020, mwaka ambao tamasha lenyewe halikufanyika kama kawaida kwa sababu ya korona. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini humo, Kisangani ikiwemo. Hakuna atakayedai kwamba ni filamu iliyofanya hivyo. Kesi ilifunguliwa tangu 1999. Lakini hukumu zina kurasa nyingi na nyuso chache.

Kuna pia hadithi ya Songea, na hii ina namna yake ya kukaa. The Empty Grave ya Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner, Mtanzania na Mjerumani, ilioneshwa kwa mara ya kwanza Berlin mwezi Februari 2024. Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji, na kichwa chake kinaaminika kupelekwa Ujerumani. Zaidi ya karne moja baadaye kitukuu chake, wakili wa mjini Songea, na mkewe ambaye ni mwalimu wanakitafuta. Kaskazini, Meru, familia nyingine inatafuta mabaki ya Mangi Lobulu Kaaya. Angekuwa mtengenezaji mwenye pupa, angetupeleka moja kwa moja kwenye maboksi ya makumbusho. Hapa tunaoneshwa jinsi utafutaji unavyoonekana hasa: ni barua, ni kusubiri ofisini, ni mume na mke kujadiliana safari na gharama. Msiba wa miaka zaidi ya 100 unaishi ndani ya nyumba ambayo pia ina madaftari ya kusahihisha. Novemba 2023, miezi michache kabla ya onesho la Berlin, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea na kuomba radhi. Kichwa hakikuwemo kwenye msafara.

Kukaa peke yake, hata hivyo, hakutoshi. Mtu anaweza kukaa miaka saba na kurudi na gunia la picha lisilo na hadithi. Ndipo anapohitajika mhariri, fundi ambaye hakuna anayemwomba picha ya pamoja. Sam Soko alipoanza kumfuata mwanaharakati Boniface Mwangi jijini Nairobi, alikuwa na wazo la video fupi juu ya maandamano. Kazi ikarefuka, Mwangi akagombea ubunge wa Starehe mwaka 2017, na katika mrundikano wa picha kukaonekana hadithi nyingine kabisa: ndoa. Njeri, mkewe, anauliza swali ambalo mikutano ya hadhara haiulizi, kwamba nchi na familia kipi kinatangulia, na anaposema, filamu inamgeukia. Filamu hiyo, Softie, ilipofika tamasha la Sundance mwaka 2020 ilipewa tuzo maalumu ya majaji kwa uhariri. Majaji walijua wanachokitazama. Kumwondoa shujaa katikati ya mabango na kumkalisha mezani kwake kunataka kisu chenye makali.

Wapo pia waliofikia hatua ya kuiachia kamera. Julia Dahr wa Norway alimpa Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo, Kitui, kamera yake mwenyewe, na sehemu ya Thank You for the Rain ya mwaka 2017 ni macho ya Kisilu. Dhoruba inapong'oa paa la nyumba yake, anayeshika kamera ndiye mwenye paa. Baadaye anafika Paris kwenye mkutano wa tabianchi wa 2015, na mtazamaji aliyekwisha kuyaona mabati yale anawasikiliza wanadiplomasia kwa sikio jingine.

Bei ya kazi hii hailingani na malipo yake. Moses Bwayo, mmoja wa waongozaji wa Bobi Wine: The People's President, filamu juu ya mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alipigwa risasi ya mpira usoni mwaka 2020 akiwa kazini, aliwahi pia kuwekwa ndani, na akaishia uhamishoni Marekani; filamu ikawania Oscar mwaka 2024 naye akiwa mbali na Kampala. I Am Samuel ya Peter Murimi, juu ya maisha ya kijana shoga, ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2021. Na hata pasipo bunduki wala marufuku kuna pesa: hakuna benki inayokopesha mtu anayesema anakwenda kukaa kwa watu hajui mpaka lini. Judy Kibinge, ambaye filamu yake Scarred iliwapa nafasi manusura wa mauaji ya Wagalla, Kenya, ya 1984, alianzisha mfuko wa filamu wa Docubox jijini Nairobi ili wenye wazo la namna hiyo wawe na pa kubisha hodi. Si ajabu majina mengi ya kizazi hiki yamepitia mlango huo.

Mwisho wa siku ya kupiga picha kuna desturi ambayo wageni huiona kichekesho. Mnasa sauti huomba kila mtu anyamaze, asisogee, na hurekodi chumba kikiwa kitupu cha maneno. Ni dakika moja hivi. Mhariri ataihitaji kuunganishia vipande, maana kila chumba kina ukimya wake, na ukimya wa kuazima masikio huugundua. Basi familia nzima inakaa kimya pamoja na wageni wao, watoto wakizuia kicheko kwa viganja. Mwanzoni husikii kitu. Kisha inakuja bodaboda kule barabarani, kuku chini ya dirisha, bati likilia kwa joto, mtu wa nyumba ya tatu akikohoa. Mnasa sauti amefumba macho, vipokea sauti masikioni, kidole kimoja juu. Kidole kinashuka. Mama mwenye nyumba anauliza kama sasa anaweza kuwasha jiko.