Lafudhi, Kicheko na Nafsi: Msemaji wa Kigusii katika Fasihi ya Kiswahili

Makala haya yanachunguza jambo ambalo wahakiki wetu hulipita kana kwamba linawahusu walimu wa fonetiki peke yao: jinsi msemaji wa Kiswahili atokaye Kisii na Nyamira anavyosawiriwa, na athari ya usawiri huo katika nafsi yake.

Tuanze na sauti yenyewe. Ekegusii haina fonimu /l/. Pale ambapo Kiswahili kina l, aghalabu Ekegusii ina r: kulala ni korara, kula ni koria, mbili ni ibere. Haya ni machipukizi ya shina moja la Kibantu, kila moja likakua upande wake. Mgusii asemapo "nataka kurara" hajakiharibu Kiswahili kwa uzembe. Ametamka neno la nyanya yake ndani ya sarufi ya Kiswahili.

Vichekesho vya Kenya havimwoni hivyo. Tangu Vitimbi hadi Churchill Show, lafudhi za makabila zimekuwa mtaji wa jukwaa. Mhusika wa namna hii hutamka neno moja, na hadhira ikaangua kicheko kabla hajasema lolote la maana. Kisanaa, huyu ni mhusika bapa aliyefungiwa ndani ya konsonanti moja. Hana azma wala kumbukumbu. Wapo watakaojibu kwamba mchekeshaji mwenyewe huenda akawa Mgusii. Jibu hilo halitoshi. Kujicheka kabla ya kuchekwa ni kinga, nayo kinga huvaliwa na anayeogopa.

Riwaya nazo zimeelekea upande wa pili. Katika Siku Njema (1996), Ken Walibora anamwumba Kongowea Mswahili, mwana wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anayesifika kwa Kiswahili chake. Walibora, aliyefariki mwaka wa 2020, alikuwa mtu wa bara. Hata hivyo, alipotaka bingwa wa lugha alimzalisha pwani, akampa hata jina la Mswahili. Riwaya hii iliwahi kutahiniwa katika shule za sekondari, na wanafunzi wa Gusii waliipenda, kama nilivyoipenda mimi. Ila kati ya kichekesho na bingwa huyu, hawakupewa mhusika yeyote wa kufanana nao.

Katika semina moja nilikuwa na mwanafunzi kutoka Nyamira ambaye badala ya "leo" alisema "siku hii", na badala ya "kulala", "kusinzia". Nilidhani ni mtindo, nikamsifu mbele ya wenzake. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa akiyakwepa maneno yenye l tangu kidato cha kwanza. Kumbe sifa zangu zilikuwa zimeongeza kufuli mlangoni.

Sisemi kwamba matamshi yasifunzwe. Kula na kura ni maneno mawili katika Kiswahili, na mwalimu asiyeitofautisha sauti hiyo hajatimiza wajibu. Lakini tukumbuke historia. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, hata Wamvita, wasemao mato kwa macho na ndoo kwa njoo, walijikuta nje ya usanifu. Washairi wao hawakuona haya. Waliendelea kutunga kwa Kimvita, nasi tunayafundisha maneno hayo kama hazina ya lahaja. Tofauti baina ya mato na kurara, basi, haimo katika sauti peke yake. Imo pia katika heshima aliyopewa msemaji.

Mwanafunzi yule alichagua korara na kulala kuwa mada ya tasnifu yake. Siku ya kuiwasilisha alisema "swari" badala ya "swali", na wawili watatu wakacheka. Alinyamaza mpaka walipomaliza, akalirudia neno kwa l, kisha kwa r, akaendelea na ukurasa wa pili.