Nani kampa Akhwari miguu minne?

Juzi nikitoka Ngorongoro kwenye kazi ya utafiti, gari lilichelewa, nikaingia kwenye kibanda umiza pale Karatu kupoteza muda. Mechi ilikuwa bado. Mwenye banda akaweka video ya dakika ishirini hivi kuhusu wakimbiaji wa Mbulu na Karatu, moja ya zile zinazosambazwa kwenye simu. Banda zima likatulia. Hawa ni watu wa kwao, bwana.

Nikaiomba, nikaenda kuitazama tena nyumbani. Mazuri kwanza: msimulizi anajua anachosema, hapigi kelele, na picha mpya za kreta ya Ngorongoro alfajiri zimetulia vizuri sana. Shida yangu ni picha za zamani. Na si shida ya urembo, ni ya ukweli.

Tuanze na John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Marathoni ya Olimpiki, Mexico City, 20 Oktoba 1968. Alianguka njiani, goti likaumia, akafungwa bandeji, akaendelea. Alimaliza wa mwisho kwa muda wa 3:25:27, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Sasa isimamishe video anapoingia uwanjani, usogeze picha moja moja. Utaona miguu minne: miwili imekolea, miwili imefifia kama kivuli.

Imetoka wapi? Mexico, kama Marekani, ilitumia mfumo wa NTSC: mistari 525, na nusu-picha 60 kwa sekunde (televisheni za zamani zilichora mistari ya witiri kwanza, kisha ya shufwa). Mfumo wa PAL, uliokuja kutumika Afrika Mashariki na sehemu kubwa ya Ulaya, una mistari 625 na nusu-picha 50. Ukitaka kutoka 60 kwenda 50, kila nusu-picha 6 lazima zigeuke 5.

Njia ziko tatu. Ya kwanza, tupa moja: mwendo unashtuka-shtuka. Ya pili, changanya mbili zilizo jirani: mwendo unalainika, lakini kila kinachotembea kinapata kivuli. Ya tatu, kadiria kila kitu kilikuwa kimefika wapi katikati ya picha mbili, kisha uchore picha mpya. Hesabu yake ni nzito, ila kompyuta ya leo inaiweza. Mtengenezaji wetu kaenda na ya pili, au programu imemchagulia.

Zamani watu waliielekeza kamera ya mfumo mmoja kwenye skrini ya mfumo mwingine, basi. Kwa Olimpiki hiyohiyo ya 1968, BBC ilitumia mashine ya kielektroniki iliyoundwa na wahandisi wake kubadili picha za rangi kutoka Mexico. Mashine nzima, kwa kazi ambayo leo tunamwachia kitufe.

Tuje kwa Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu. Christchurch, New Zealand, 2 Februari 1974, michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1500. Aliongoza tangu mwanzo akaweka rekodi ya dunia, 3:32.2. Video inaonyesha mbio nzima, kuanzia mlio wa bastola. Nikapima kwa simu: 3:24 kasoro kidogo. Nikarudia. Ileile.

Kiukweli hapa hakuna uchawi. Filamu ya sinema hupita kwa picha 24 kila sekunde, PAL inataka 25. Njia ya mkato ni kuongeza kasi, kama asilimia 4. Filamu ya dakika 90 itaisha kwa dakika 86 na sekunde 24, na sauti zitapanda kidogo. Kwenye filamu ya mapenzi nani atajali? Lakini fanya hivyo kwa Bayi, 3:32.2 inakuwa 3:23.7. Hicham El Guerrouj aliweka rekodi ya 3:26.00 mwaka 1998. Yaani programu imemfanya Bayi ampite mtu aliyekimbia miaka 24 baadaye. Bayi hahitaji kubebwa hivyo.

Kwa kasi hiyohiyo, Akhwari angemaliza kwa 3:17:14. Dakika 8 za bure! Na yeye ndiye angepoteza zaidi, maana tunamkumbuka kwa ule mwendo wa taratibu, wa kuchechemea. Ukimharakisha, unamfuta.

Utaniambia: bandani nani aligundua? Babu mmoja pembeni yangu aliuliza, "Mbona wamenenepa hivi?" Sahihi kabisa. Picha za uwiano wa 4:3 zilivutwa kujaza skrini ya 16:9, kila mkimbiaji akaongezeka upana kwa theluthi moja. Jicho linajua, hata kama halina istilahi.

Na hili lina uzito zaidi kwetu. Tanzania Bara televisheni ilianza 1994. Mwaka 1968 na 1974 watu wa huku hawakuwa na televisheni ya kutazamia mbio hizi. Kwa wengi pale bandani, video hii ndiyo mara ya kwanza kumwona jirani yao akikimbia. Hawana kumbukumbu ya kuisahihisha nayo. Tutakachowaonyesha ndicho watakachoamini.

Kwa hiyo, mtengenezaji, hongera kwa kazi, lakini irudie. Tunza faili la asili. Acha uwiano wa 4:3, mistari myeusi pembeni haimuumizi mtu. Tumia njia ya tatu. Halafu pima kwa saa.

Na wewe msomaji, jaribu mwenyewe leo: tafuta video ya mbio nzima ambayo muda wake unajulikana, uipime. Muda usipolingana, usimlaumu mkimbiaji.